Neno la Mhariri: Kinachokatazwa Katika Kaya Kinondo

Mazoea ya utalii yamewafanya wengi waamini kwamba mahali panastahili kutembelewa kwa kadiri panavyomfungulia mgeni milango, na kwamba makumbusho bora ni yale yenye vitu vingi vilivyopangwa kabatini, kila kimoja na maelezo yake. Toleo hili linaipinga imani hiyo kwa kuutazama msitu wa Kaya Kinondo, wenye ukubwa wa takriban hekta 30, ulio kando ya bahari kusini mwa Diani katika kaunti ya Kwale, ambao thamani yake kwa mgeni inatokana kwa sehemu kubwa na yale ambayo wenyewe hawako tayari kuyaonesha.

Kaya ni makazi ya kale ya Wamijikenda, yaani jamii tisa zinazohusiana kwa lugha na asili, wakiwemo Wadigo wa Kinondo. Makazi hayo yalijengwa ndani ya msitu mnene ili msitu wenyewe uwe boma, yakafikiwa kwa njia chache zilizolindwa, na kwa maelezo ya UNESCO yalianza kujengwa katika karne ya 16 na yalikuwa yamehamwa kufikia miaka ya 1940. Watu walihama, lakini makaburi ya wazee yalibaki humo, na fingo, yaani kago la kuulinda mji lililofukiwa ardhini, likaendelea kuwa chini ya uangalizi wa ngambi, ambayo ni baraza la wazee wa kaya. Kwa kuwa ngambi ilikataza kukata miti na kuchukua chochote kilichomo, msitu ulisimama huku mashamba, na baadaye viwanja vya hoteli, vikiumega ukanda wote ulioko pembeni yake. Mwaka 1992 Kaya Kinondo ilitangazwa kuwa turathi ya kitaifa inayolindwa na sheria, na mwaka 2008 ikawa miongoni mwa makaya ya Wamijikenda yaliyoingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka uliofuata UNESCO iliziweka mila za makaya hayo katika orodha nyingine, ile ya urithi usioshikika unaohitaji kuokolewa kwa haraka. Orodha hizo mbili zikisomwa pamoja zinasema jambo zito, kwamba miti inaweza kuwa salama kwenye karatasi huku maarifa yaliyoilinda yakiwa mahututi.

Mgeni anayeingia Kinondo hufungwa kaniki, kitambaa cheusi kinachovaliwa kwa heshima ya mahali, kisha huongozwa na mwenyeji anayemweleza dawa zinazopatikana katika mizizi, magome na majani. Haruhusiwi kubusiana na mwenzake, kuokota jani wala kuondoka na jiwe, na kuna sehemu ambazo hatazifikia kabisa. Hakuna jengo la kutazama, kwa sababu mji wenyewe haupo tena. Anachokutana nacho ni nidhamu ya watu wanaoendelea kuutunza mji usio na nyumba, na nidhamu hiyo hawezi kuifahamu kwa kuelezwa tu, bali kwa kuifuata hatua kwa hatua muda wote awapo humo.

Anayedhani kwamba mpangilio wa namna hii ni upungufu wa nchi zisizo na makumbusho makubwa autazame mji wa Amsterdam, ambao una Rijksmuseum na hazina nyingine nyingi za sanaa. Mojawapo ya nyumba zinazotafutwa sana na wageni mjini humo ni ile alimojificha Anne Frank na familia yake wakati wa utawala wa Wanazi, nayo ilifunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1960, mwaka uleule ambao Ngome ya Yesu ya Mombasa, iliyokuwa gereza la kikoloni, ilianza kupokea wageni kwa kazi hiyo hiyo. Vyumba vya maficho vimeachwa vitupu kwa matakwa ya Otto Frank, baba yake Anne, kwa kuwa samani zake zilichukuliwa baada ya familia kukamatwa, na ndani yake hakuna ruhusa ya kupiga picha. Hakuna anayelalamika kuwa ameoneshwa vyumba visivyo na kitu, kwa sababu kila anayeingia anatambua kwamba utupu huo ndio ushahidi. Heshima hiyo hiyo inaistahili Kinondo, ingawa historia za mahali hapo pawili hazilingani.

Hatari ya kuipuuza si ya kubuni. Kisiwa cha Chale, kilicho karibu na Kinondo na ambacho nacho Wadigo wanakihesabu kuwa kaya, kimejengwa hoteli. Kaskazini zaidi, vigango, yaani nguzo za mbao ambazo Wagiriama huzisimika kwa kuwaenzi wazee wa chama cha Gohu, viling'olewa na kuuzwa ng'ambo hadi vikafika katika makumbusho ya Marekani, na ni mwaka 2014 tu ambapo makumbusho ya Denver yalitoa vigango 30 virudishwe Kenya. Ngadji, ngoma takatifu ya Wapokomo iliyotwaliwa na maofisa wa Kiingereza mwaka 1902, ingali katika ghala la British Museum mjini London, mbali na watu ambao kwao ilikuwa sauti ya mamlaka. Kitu kikishatenganishwa na wenye kukitunza hubaki umbo tu, hata kikihifadhiwa kwa utaalamu wa hali ya juu.

Ipo hoja ya upande wa pili ambayo haifai kupuuzwa. Wadigo wengi ni Waislamu, na wapo miongoni mwao wanaoona tambiko za kaya kuwa kinyume na dini, ilhali Msikiti wa Kongo, uliojengwa kwa mawe karne nyingi zilizopita penye mlango wa mto Mwachema, ungali unasaliwa na unapendwa na watu haohao. Mjadala huo ni wa Wadigo wenyewe kuuamua, wala haupasi kuamuliwa na wasimamizi wa hoteli au na wahisani. Lililo wazi kwa pande zote ni kwamba ada ya kiingilio ikibaki kijijini, kama ilivyo pia katika mapango ya Shimoni ambayo wenyeji wanawaeleza wageni habari za biashara ya utumwa, ulinzi wa mahali unapata cha kuugharimia.

Kwa hiyo wanaoiandaa Kwale kwa wageni, kuanzia serikali ya kaunti hadi wenye magari ya utalii, wanaombwa waanze na mambo matatu ambayo mabango ya barabarani hayawezi kuyafanya: mipaka ya kaya ipimwe na kuwekewa alama zisizoondoleka, vijana wa Kinondo wafundishwe maarifa ya kaya na wazee wa ngambi wakiwa wangali hai, na idadi ya wageni wanaoingia kwa siku ipangwe na ngambi, bila kushurutishwa na msimu wa hoteli.