Vyeti vya fedha: chema chajiuza, kibaya chajitembeza

Mwezi uliopita binti wa jirani yangu hapa Msambweni alinijia na bahasha. Ndani mlikuwa na cheti cha karatasi nzito, muhuri wa rangi ya dhahabu, kwamba amefuzu kozi ya wiki sita ya uchambuzi wa fedha. Mamake, muuza viazi vya karai, alikopa shilingi 28,000 kwenye chama ili amlipie. Waliambiwa benki na hoteli zitamgombania. Amepeleka maombi 14, kuanzia Ukunda hadi Mombasa, na hajaitwa hata pahali pamoja. Deni la chama bado lalipwa kila Ijumaa.

"Ami," aliniuliza, "nitafute cheti chengine?"

Swali hili liko katika nyumba nyingi za Kwale, kwa hivyo nalijibu hapa.

Vyeti vya kulipia si vya aina moja. Kuna vile ambavyo anayekufundisha siye anayekutahini. CPA, ATD na CIFA ni mitihani ya KASNEB, bodi iliyoanzishwa 1969. Waweza kusomea Mombasa, Ukunda au chumbani kwako, lakini mtihani hutungwa na kusahihishwa na watu wasiokujua. Ukifeli, umefeli. Ndiyo maana mwajiri akiiona CPA anajua ameona nini, na ndiyo maana matangazo ya kazi za uhasibu, ya serikali na ya kampuni, huitaja mara kwa mara.

Kisha kuna cheti cha kuhudhuria. Hapo aliyekufundisha ndiye anayekutahini, na ndiye uliyemlipa. Atakufelisha vipi? Kila aliyelipa hufuzu, basi kufuzu huko hakumwambii mwajiri lolote.

Haki isemwe: kozi fupi si bure zote. Karani wa hoteli aliyejifunza Excel vizuri humaliza kwa saa mbili hesabu iliyokuwa ikimla siku nzima, na bosi wake huliona hilo. Lakini huyo tayari ana kazi. Kozi fupi humpandisha aliye ndani. Aliye nje ya mlango haimfungulii.

Mimi nimelipia somo hili. Nikiwa kijana, nina diploma yangu mkononi, niliongeza cheti cha usimamizi wa fedha cha wikendi, nikivuka feri ya Likoni kila Jumamosi. Kwenye mahojiano katika hoteli moja ya Diani, meneja alikiweka kando bila kukisoma. Alinipa daftari la stoo na rundo la risiti, akaniambia nitafute zinapotofautiana. Nilipata kazi kwa sababu nilikuwa nimeandika hesabu za duka la mjomba kwa miaka miwili. Cheti kile kiko kabatini hadi leo.

Na siku hizi mlango umezidi kuwa mwembamba. Base Titanium ilisimamisha uchimbaji mwishoni mwa 2024, na watu wenye uzoefu wakarudi sokoni kutafuta kazi. Hoteli nazo hupunguza watu msimu wa mvua. Kijana wetu anashindana na aliyeshika vitabu miaka kumi. Pengo hilo halizibwi na karatasi ya wiki sita.

Kwa hivyo mzazi, kabla ya kulipa uliza mambo matatu. Nani anatahini? Je, chuo kimesajiliwa na TVETA, mamlaka ya vyuo vya ufundi iliyowekwa kwa sheria ya 2013? Na nionyeshe waliosoma hapa mwaka jana, wanafanya kazi wapi? Wakikujibu kwa mabango na picha za majoho, shika pesa zako.

Viongozi wetu nao wasijitoe. Basari za karo ni jambo jema, lakini mtoto akimaliza kusoma hana pa kufanyia mazoezi. Idara ya fedha ya kaunti, SACCO na hoteli zingeweza kuchukua vijana wachache kila mwaka, wakafunzwa kuandaa mishahara na makato ya PAYE, NSSF na SHIF, na kulinganisha vitabu na taarifa ya benki. Hayo ndiyo mwajiri huuliza.

Binti nilimwambia asinunue cheti chengine cha aina ile. Ana C- ya KCSE, inayomtosha kuanza ATD, hatua kwa hatua, kadiri mfuko unavyoruhusu. Na kabla ya hapo aombe kuandika vitabu vya chama kile kile kinachomdai mamake. Ameanza. Ijumaa iliyopita alikuta michango ya wanachama wawili haikuwa imeandikwa, na mwenye hazina akamshukuru mbele ya wote. Bado hana mshahara, lakini akiulizwa kwenye mahojiano amefanya nini, inshallah atakuwa na la kusema.