Ndege wa Vita au Ndege ya Vita?

Kuna video moja ambayo nimeitazama mara nyingi kuliko inavyomfaa mwanafunzi anayedaiwa tasnifu. Ni ya maonyesho ya ndege za kale za kijeshi huko Sweden. Watu wamesimama nyuma ya kamba, wengine wamekuja na viti vya kukunja, wengine wamewabeba watoto mabegani. Mzee mmoja ameshika kamera yenye lenzi ndefu kama mkono wake. Kisha wote wanageuza shingo kwa pamoja. Ndege fupi, nene, yenye mdomo wazi kwa mbele, inapita chini juu ya uwanja, na yule mzee anasahau kupiga picha.

Ndege hiyo ni SAAB J 29. Wenyewe waliiita Tunnan, yaani pipa, kwa sababu ya umbo lake. Iliruka mara ya kwanza mwaka 1948, na zilitengenezwa 661. Leo inayoweza kuruka bado ni moja tu, na ndiyo inayopelekwa kwenye maonyesho. Kila ikipita, watu wanapiga makofi.

Nina sababu ya kuitazama. Vita pekee ambavyo Tunnan ilipigana vilikuwa hapa kwetu. Mnamo Oktoba 1961 Tunnan tano za kwanza zilifika Kongo kufanya kazi chini ya bendera ya Umoja wa Mataifa, wakati Katanga ilipokuwa imejitenga. Nyingine ziliongezwa baadaye. Tarehe 29 Desemba 1962 zilishambulia uwanja wa ndege wa Kengere, karibu na Kolwezi, ambako Katanga ilikuwa imeweka ndege zake. Vita vilipokwisha, kadhaa kati ya Tunnan hizo hazikurudi nyumbani. Ziliharibiwa kwa makusudi huko Kamina, kwa kuwa gharama ya kuzirudisha ilizidi thamani yake. Kwa hiyo ile moja inayopigiwa makofi Sweden ina ndugu zake waliobaki katika udongo wetu.

Nilipomwonyesha mwenzangu wa darasa video hii, alisema: «Hao watu wanafurahia mashine ya kuua.» Wengi wetu tungejibu hivyo, na ni jibu la haraka. Siliafiki, na nitaeleza kwa nini, ingawa mwisho wa makala haya nitawadai wapenzi wa ndege kitu kimoja, na sisi wenyewe nitatudai zaidi.

Kwanza, tuwatendee haki. Kuifanya ndege ya miaka sabini iruke si mchezo. Vipuri havitengenezwi tena. Fundi aliyejua injini ile amestaafu au amekufa, na ujuzi wake ulikuwa mikononi, haukuandikwa wote. Watu wanatoa fedha zao na mwisho wa juma wao ili jambo hilo lisipotee. Nani aelewe hilo kuliko sisi? Katika kitivo hiki tunafundishwa tofauti kati ya lugha iliyobaki kwenye kamusi na lugha inayosemwa. Ndege iliyosimikwa juu ya nguzo mbele ya kambi ni kama orodha ya maneno. Ndege inayoruka ina sauti, ina harufu ya mafuta, ina namna yake ya kukata kona. Anayetaka kujua jambo lilivyokuwa hatatosheka na orodha.

Pia si kweli kwamba wapenzi hawa hawajui ndege hizi zilifanya nini. Wengi wao wanajua vizuri sana. Watakutajia kwamba Tunnan ilikuwa na mizinga minne ya milimita 20, watakutajia mwezi na mwaka ilipofika Kongo. Tatizo langu halipo kwenye ujuzi wao. Lipo mahali aliposimama anayesimulia. Masimulizi yote yanatoka ndani ya ndege au kando ya ndege: rubani aliona nini, fundi alitengeneza nini, injini ilikuwa na nguvu kiasi gani. Aliyekuwa chini hana zamu ya kusema.

Na chini daima kuna mtu. Tarehe 22 Agosti 2015, katika maonyesho ya Shoreham, Uingereza, ndege ya kale ya kijeshi aina ya Hawker Hunter ilianguka kwenye barabara iliyo kando ya uwanja. Watu 11 walikufa, na wote walikuwa nje ya uwanja, barabarani. Baada ya hapo Waingereza walikaza masharti ya maonyesho, kwa sababu ilikuwa wazi kwamba huwezi kumhesabu aliyelipa kiingilio peke yake. Nadhani kanuni hiyo inafaa pia kwa kumbukumbu. Kolwezi hakuna aliyelipa kiingilio.

Sasa nije kwenye lugha, maana hapa si jarida la anga.

Waingereza wanaziita ndege hizi «warbird». Ni neno moja lililounganisha vita na ndege mwenye mabawa na manyoya. Neno hilo ni la mapenzi: linaipa mashine uhai bila kumlazimisha msemaji akiri kwamba ameupa. Jaribu kulitia katika Kiswahili sanifu uone kazi yake. Neno letu «ndege» linabeba vyote viwili, kiumbe na chombo, lakini upatanisho wa kisarufi haukubali ukae katikati. Ukisema «ndege yule ameruka», msikilizaji anatafuta mti. Ukisema «ndege ile imeruka», anatafuta kiwanja. Kwa hiyo inabidi uchague: ndege wa vita au ndege ya vita. Sarufi inakuuliza swali ambalo Kiingereza kinakuruhusu kulikwepa.

Kwa muda mrefu nilidhani jibu ni rahisi: ni chombo, basi ni «ya». Kisha nikamsikiliza nkambo wangu.

Mwaka 1962 alikuwa mtoto wa miaka kumi na mmoja Kolwezi, baba yake akifanya kazi mgodini. Anakumbuka siku zile kwa sababu zilikuwa kati ya Noeli na Bonané. Nilikuwa nimemwomba anisimulie mambo ya sikukuu za zamani, kwa kazi ya darasa kuhusu majina ya vyakula. Katikati ya habari za wali na kuku, akasema hivi, nami kinasa sauti kilikuwa wazi:

«Ndeke alikuya, alituona, akarudia.»

Angalieni sentensi hiyo. Kwanza «ndeke», kama tusemavyo huku. Pili, vitenzi vitatu, na vyote vina kiambishi cha kiumbe hai. Nikarudi nyuma kwenye kinasa sauti. Dakika chache kabla, alipokuwa akieleza safari ya mjomba wake kwenda Kinshasa, alisema «ndeke inaruka asubui». Hapo ni chombo. Basi si kwamba hajui tofauti, wala si kwamba Kiswahili chake hakina tofauti hiyo. Ndege ya abiria ilikuwa «i-». Iliyokuja juu ya paa lao ilikuwa «a-».

Nilimwuliza: «Nkambo, mbona unasema alituona? Si rubani ndiye aliyewaona?» Akaniangalia kama mtu anayemhurumia msomi. «Rubani sisi hatukumuona. Tulimuona yeye.» Na «yeye» hapo ilikuwa ndege.

Najua mnachotaka kusema, hasa walimu wangu wa mofosintaksia. Msemaji mmoja na sentensi moja havitoshi kujenga kanuni. Ni kweli, nami sijengi kanuni. Ninasema tu kwamba hapo pana swali zuri, na kwamba swali hilo nimelipata kwa bahati, wakati nikitafuta majina ya vyakula. Tangu siku ile nimekuwa nikifikiri jinsi mzee wa Sweden mwenye kamera na nkambo wangu wa Kolwezi wanavyokutana mahali pa ajabu. Wote wawili wameipa mashine ileile uhai. Mmoja ameupa kwa mapenzi, mwingine kwa hofu. Mmoja ana jarida, makumbusho na siku ya maonyesho kila mwaka. Mwingine alikuwa na mjukuu mwenye kinasa sauti kilichokaribia kuisha chaji.

Sifungui hapa kesi ya kujitenga kwa Katanga. Najua kwamba katika kitivo hiki tunatoka familia zilizosimama pande tofauti, na kwamba kabla ya Tunnan kuwasili palikuwa na ndege nyingine: Fouga Magister ya Katanga, ambayo mnamo Septemba 1961 iliwashambulia askari wa Umoja wa Mataifa, pamoja na Wairishi waliozingirwa Jadotville, Likasi ya leo. Fouga nayo hupendwa kwenye maonyesho ya Ulaya. Kikundi cha maonyesho cha jeshi la anga la Ufaransa kiliirusha kwa miaka mingi, tangu 1964 hadi 1980, na watu huisifu kwa mlio wake kama wa mluzi na mkia wake wenye umbo la V. Aliyekuwa chini ya Fouga na aliyekuwa chini ya Tunnan hawakuwa lazima wa chama kimoja. Lakini wote walikuwa chini, na wote walisema kitu kwa lugha zao: Kiswahili, Kisanga, Kiluba, Kichokwe, Kiruund. Maneno hayo yako wapi?

Hapa ndipo ninapotudai sisi. Wapenzi wa ndege wameokoa injini. Sisi, wenye kazi ya kuokoa maneno, tumeokoa nini? Tuna tasnifu juu ya tasnifu kuhusu methali, na hilo ni jema. Tuna orodha za istilahi mpya za kompyuta. Lakini mtoto wa miaka kumi wa mwaka 1961 sasa amepita sabini. Anayeweza kutuambia watu wa Likasi waliitaje Fouga, waliigizaje mlio wake, watoto waliimba nini walipotoka mafichoni, hatatungoja tumalize kujadili nadharia. Fundi wa injini akifa, mwenzake anaweza kufungua injini akaisoma. Msemaji akifa, hakuna cha kufungua.

Ninapendekeza mambo matatu, na hakuna hata moja linalohitaji bajeti.

La kwanza: kila mwanafunzi wa idara yetu anayekwenda nyumbani likizo amrekodi mzee mmoja. Asimwulize «ndege za ONU ziliitwaje?», kwa sababu swali hilo limekwisha kutoa jibu. Amwombe asimulie siku zake za utotoni, kisha anyamaze. Sentensi yangu bora nimeipata nikiwa kimya.

La pili: tunapoandika tulichorekodi, tusisahihishe. Kishawishi ni kikubwa. Mimi mwenyewe, mara ya kwanza, niliandika «ndege ilikuja, ilituona, ikarudi», nikajisifu kwamba nimeandika Kiswahili safi. Nilikuwa nimefuta jambo lote. «A-» ya nkambo ilikuwa ndiyo ushuhuda, nami niliihesabu kuwa kosa la kisarufi. Sijui ni ushuhuda mwingapi umelala kwenye rafu zetu ukiwa umesahihishwa namna hiyo.

La tatu: tukishapata maneno hayo, tuwapelekee wapenzi wa ndege. Nasema hivyo bila kejeli. Makumbusho ya jeshi la anga la Sweden yako Linköping, na watu wanaoipenda Tunnan kiasi cha kuitunza kwa miaka yote hii ni watu wanaopenda undani. Wanataka kujua kila msumari. Sidhani watakataa kujua kwamba Kolwezi, kati ya Noeli na Bonané, kulikuwa na mtoto aliyeitazama ndege yao akaona inamtazama. Ninachowadai ni sentensi moja tu karibu na zile za mizinga na injini, sentensi ya mtu aliyekuwa chini, iliyoandikwa kama alivyoisema, na tafsiri yake pembeni.

Wala siwaombi waache kufurahi. Nimejaribu kuitazama video ile kwa hasira, nimeshindwa. Ndege inapoinama na jua kupiga ubavu wake, hata mimi najikuta nimeacha kupumua. Juma lililopita nilimwonyesha nkambo. Aliitazama hadi mwisho, simu ameishika mbali kidogo na uso. Aliona watu wanapiga makofi, akauliza wale ni akina nani. Nikamwambia ni watu wanaoipenda.

Akafikiri kidogo, kisha akasema: «Basi kwao iko nazeeka muzuri.»

«Iko.» Si «eko», kama tunavyosema kwa mtu. Nimeiandika kama alivyoisema.