Filamu ya maongezi tu: inafaa au inachosha?



Jumamosi tulikaa hapa Dadamu, watu kumi na wanne, kompyuta moja, tukaangalia Coffee and Cigarettes ya Jim Jarmusch, Mmarekani. Ni filamu ya mwaka 2003, haina rangi, ina hadithi fupi 11. Karibu kila hadithi ni hivyo hivyo: watu wako mezani, wanakunywa kahawa, wanavuta sigara, wanaongea. Basi. Hakuna bunduki, hakuna mtu anakimbizwa. Wenzetu waliozoea kibanda, ambako VJ anatafsiri kwa kelele na watu wanashangilia, walianza kupiga miayo mapema. Watatu walitoka.

Hatuwalaumu, maana hadithi zote hazina nguvu sawa. Ile ya Iggy Pop na Tom Waits ilipata tuzo Cannes mwaka 1993, lakini kwetu ilipoa. Ili ucheke, lazima uwe unawajua hao wanamuziki tangu zamani. Sisi tuliona wanaume wawili tu wanaochokozana kwa adabu.

Lakini mbili zilitushika. Moja, Cate Blanchett anacheza watu wawili: nyota wa sinema na binamu yake asiye maarufu. Wanakutana hotelini. Nyota akishaondoka, ndipo mhudumu anamwambia binamu kwamba hapo sigara haziruhusiwi. Tulicheka, halafu tukanyamaza. Wengi wetu tuna ndugu aliyepelekwa Kanada au Marekani, na simu zetu ziko hivyo. Huku tunacheka, kule wanacheka, na hakuna anayesema neno lililomfanya apige.

Ya pili ni ya Alex Descas na Isaach de Bankolé. Mmoja amemwita rafiki yake. Rafiki anauliza, una shida gani? Anajibiwa, hakuna shida. Anauliza tena na tena, jibu ni lile lile, mwisho anaondoka.

Hapo sisi wa kujitolea tulitazamana. Kazi yetu ni kupita nyumba kwa nyumba na fomu. Tunauliza shida, tunatia alama, tunaenda nyumba nyingine. Mwaka jana kijana mmoja alituambia "hakuna shida" mara tatu, huku anatuvutia kiti. Tukaandika hakuna shida. Baada ya wiki tukasikia amevuka mpaka peke yake kwenda kumtafuta mama yake. Kumbe kile kiti ndicho kilikuwa jibu, na sisi hatukukaa.

Kwa hiyo maoni yetu ni haya. Maongezi peke yake hayatoshi kuwa filamu. Mwenzetu mmoja alisema, "Maongezi nayasikia bombani kila siku, kwa nini nikae niyatazame?" Ana haki, kama ni maongezi matupu. Yanashika pale mtu anapokuwa na jambo moyoni na analizungukazunguka. Hadithi zilizotuchosha, hatukuona mtu anayeficha kitu. Zile mbili, tuliona.

Tumekuwa tukisema tutengeneze filamu yetu kwa simu. Wengine wanataka hadithi kumi na zaidi ili kila mtu aonekane. Sisi tunasema tatu zinatosha: pale wanapochaji simu, kwenye foleni ya maji, na kijana anayeongea na ndugu yake wa ng'ambo. Asiwepo mtu wa kuuliza maswali ya fomu. Wageni wakija na kamera wanatuuliza tulikimbia nini, na tunajibu vizuri kwa sababu tumezoea. Bado hakuna aliyetupiga picha tukiwa tumekaa tu, tunaongea mambo yetu.

Na kabla ya kamera, tuanze na kukaa. Ukivutiwa kiti, kaa hata dakika kumi. Fomu itangoja.

Wewe unaonaje? Mliotoka Jumamosi, nyinyi ndio tunataka kuwasikia kwanza.