Akianguka Mwenzenu, Mnamfuta Jina!

Wazee wetu mliosoma vyuo, leo nina neno na ninyi. Na ninyi waandishi chipukizi wenzangu msicheke, zamu yenu iko huko chini.

Wengi waliomaliza chuo miaka ya 1980 na 1990 leo wamo kwenye kundi la WhatsApp la "tuliosoma pamoja". Asubuhi salamu na picha ya maua. Mchana orodha: namba moja, jina, ahadi 50,000, ametoa 20,000, bado 30,000. Jioni "Amina" arobaini. Kesho orodha nyingine, maana mtoto wa mweka hazina anaoa. Eti huko ndiko kudumisha urafiki! Mimi naliita daftari la madeni.

Sipingi michango. Dar es Salaam mpaka Mbeya ni zaidi ya kilomita 800, na kumsafirisha marehemu hadi Rungwe au Kyela si mzigo wa familia moja. Wenzake wakichanga, anafika kwao kwa heshima. Hapo sina ugomvi. Ugomvi wangu ni juu ya aliye hai. Mtu amefika miaka hamsini, mambo yamekwama, mfukoni hamna kitu. Huyo mnamfanya nini?

Nawapa mfano wa nyumbani. Baba yangu mdogo alipata cheti cha ufundi mwanzoni mwa miaka ya 1990. Kiwanda kilichomwajiri kikapunguza watu, naye akiwamo. Akaja hapa Mwanjelwa, akafungua kibanda cha kutengeneza redio sokoni. Soko likaungua mwaka 2006. Wafanyabiashara wakahamia Sido, na soko la Sido nalo likaungua mwaka 2011. Mtu wa miaka arobaini na kitu anaanza upya kwa mara ya tatu! Lilipokuja kundi la WhatsApp wakamwunganisha, akafurahi kama mtoto. Akashindwa michango ya harusi tatu mfululizo, wakamtoa. Hakuna aliyempigia kuuliza, "Bwana, vipi, mbona kimya?" Katiba ya kundi ndivyo inavyosema, basi.

Mzee huyo huyo ana boksi la viatu limejaa barua za hao hao waliomtoa. Waliandikiana kupitia sanduku la posta, kabla simu za mkononi hazijaenea. Mmoja anaeleza alivyopunguzwa kazini na anavyoogopa kumwambia mkewe. Mwingine kafiwa na mke, anauliza mtoto mchanga anapewa uji akiwa na miezi mingapi. Kurasa nne kwa stempu moja. Leo ujumbe unafika kwa sekunde, lakini nani atathubutu kuandika "nimeachishwa kazi" mbele ya watu themanini wanaotumiana picha za magari?

Kuna kuanguka kwingine hutangazwa hadharani. Aprili 2017 Serikali ilitoa orodha ya watumishi 9,932 waliobainika kuwa na vyeti vya kughushi. Sitetei kughushi, wizi ni wizi. Lakini miongoni mwao walikuwamo watu wazima wenye watoto shuleni, na kila mmoja ana watu aliosota nao darasani au kazini. Ukitaka kujua urafiki ulikuwa na uzito gani, uliza wangapi walipigiwa simu wiki ile.

Sasa zamu yetu, wenzangu wa kalamu. Sisi nasi tunafuta. Fungua riwaya tulizokulia. Rosa wa *Rosa Mistika*, iliyotoka mwaka 1971, anajiua akiwa bado msichana. Kazimoto wa *Kichwamaji*, ya mwaka 1974, naye ni kijana wa chuo kikuu na anajiua. Kezilahabi simlaumu. *Rosa Mistika* ilitoka naye akiwa na miaka ishirini na kitu, aliandika umri aliokuwa akiuishi. Lawama ni kwetu tunaoendelea kuiga. Miswada tunayosomeana hapa mtaani inakwisha siku ya mahafali, au siku ya harusi, au mhusika anagongwa na gari. Kwa nini? Kwa sababu hatujui la kumfanya akifika miaka arobaini na saba, ana sukari, kazi hana, na rafiki yake wa bwenini ni mkurugenzi asiyepokea simu. Wallahi, riwaya yenyewe ndiyo hiyo!

Mtaniambia, "Wewe umeishia kidato cha nne, ya chuo unayajulia wapi?" Nayajua kwa sababu aliyefutwa nakula naye ugali kila jioni. Na ninajua litakalotokea akifa. Kundi litamkumbuka. Orodha itafunguliwa, ahadi zitamiminika, fulana zitachapwa zenye sura yake, na mtu atasimama kaburini kusoma jinsi walivyopendana tangu chuo. Ya fulana hizo yangemwekea kibanda cha nne.

Wazee, mpigieni mwenzenu simu moja isiyo na mchango ndani yake. Na wewe mwandishi wa Mafiati, wa Soweto, wa Kihesa kule Iringa, hapo kwenu yupo mwenye boksi kama hilo. Chukua daftari, mwamkie, muulize alilala bweni gani, na nani, na wale wenzake wako wapi leo. Ukitoka hapo uandike. Nani anaanza?