Nanga hainunuliwi kwa chenji

Tajiri akitayarisha chombo kipya, nanga huja mwisho. Nauza kamba, nyavu, maboya na vyuma vya baharini jirani na soko la samaki la Feri, Dar es Salaam, kwa hiyo jambo hili naliona kila wiki. Nyavu zinachaguliwa kwa vidole, uzi unavutwa, macho yanahesabiwa. Taa inawashwa na kuzimwa. Mashine ilishalipiwa, mara nyingi kwa mkopo. Kisha, noti zikiwa zimebaki chache mkononi, ndipo linapokuja swali la nanga: "Mama, ipi ya bei ya chini?"

Nasema wazi: huko ni kuchezea roho za watu. Kuanzia Juni hadi Agosti, kusi likivuma na mashine ikazima nje ya Bongoyo au Mbudya, chombo kinasukumwa kwenye mwamba. Boti nyingi za faiba siku hizi hazina hata tanga, na kasia halifui dafu mbele ya kusi. Iliyobaki ni nanga. Ikishika, vijana wanapata muda wa kusafisha plagi au kupiga simu. Isiposhika, mwamba hausubiri plagi ikauke.

Nanga tuliyoizoea ni ya nondo. Fundi wa kuchomelea anapinda vipande vinne au vitano, anaviunga kwenye bomba, anaweka pete. Siidharau. Mwambani inafaa sana, kwa sababu ikinasa ukaivuta kwa nguvu zote, kucha zinanyooka nayo inatoka. Ukifika pwani unazipinda tena. Lakini hiyo hiyo kwenye mchanga inaburutwa tu, maana nondo nyembamba haina upana wa kushika. Mchanga na tope vinataka nanga ya majembe, yenye bapa mbili zinazojichimbia kadiri kamba inavyovutwa. Aina hiyo ilipata sifa katika Vita Kuu ya Pili, ilipowekwa kwenye vyombo vya kushushia askari ufukweni ili viweze kujivuta kurudi majini. Boti ya mita 7 ibebe zote mbili: ya nondo kwa kuvua mwambani, na ya majembe, kilo 10 au zaidi, kwa kulala na kwa dharura.

Nanga nzuri yenye kamba fupi, hata hivyo, haina kazi. Baba yangu alikuwa nahodha wa mashua, na alikuwa akipima kamba kwa mikono miwili, pima kwa pima, kabla ya safari. Hesabu yenyewe ni nyepesi. Chukua kina cha mita 10 maji yakiwa yamekupwa. Ongeza mita 3, kwa sababu wakati wa bamvua maji yetu hupanda hata kupita hapo. Ongeza mita 1 ya urefu wa omo kutoka majini. Jumla ni 14. Zidisha kwa 5, unapata mita 70, kama pima 38. Wanunuzi wengi wanaomba mita 30! Kamba fupi inaivuta nanga kwenda juu, nayo inang'oka. Kamba ndefu inailaza. Mnyororo wa mita chache kati ya kamba na nanga unasaidia kulaza huko huko, na matumbawe yanakwaruza chuma badala ya kukata kamba. Kamba yenyewe iwe ya nailoni, kwa kuwa inazama na inavutika chombo kikishtuka. Ile ya plastiki inayoelea ni rahisi, lakini jua linaila na propela inaipenda.

Nikipeleka mzigo ufukweni huwa nachungulia ndani ya boti. Nanga iko chini ya madumu ya petroli, kucha moja imeingia kwenye jarife, kamba imejisokota fundo juu ya fundo. Nikiufuata mwisho wa kamba, naukuta haukufungwa popote. Siku ya dharura kijana atarusha nanga gizani, na kamba yote itaifuata baharini. Mwisho ule ufungwe kwenye taruma imara, tena leo, pwani. Kamba ikunjwe ndani ya ndoo pana iliyotobolewa matundu chini, ikianza na mwisho uliofungwa, ili upande wa nanga ubaki juu na itoke bila kunasa. Ndoo ikae omo, nanga kando yake ikiwa imefungwa kwa fundo la kufungua kwa mkono mmoja. Pini ya shakeli ikazwe kwa waya, kwani mtikisiko huifungua polepole. Pale kamba inapopita kwenye ukingo wa boti, vika kipande cha mpira wa bomba. Haya yote hayafiki bei ya galoni chache za mafuta.

Tena nanga isitupwe juu ya matumbawe hai. Tunawalaani wapiga baruti, na ni haki, lakini chuma kinachoburutwa nacho kinavunja nyumba za samaki, na tumbawe la duara hukua kama sentimita 1 tu kwa mwaka. Kando ya mwamba karibu kila mara kuna kiwanja cha mchanga. Tia hapo.

Wanaotoa mikopo ya boti waandike nanga mbili, mnyororo na kamba ya kutosha kwenye orodha ile ile yenye mashine na majaketi ya kuokolea. Wakaguzi wa vyombo nao waitake kamba itandazwe mchangani, waipime. Matajiri, hao mnaowatuma usiku ni watoto wa watu. Nawe nahodha, usiondoke na nanga usiyoiamini, hata kama mwenye chombo atanuna.