Sheria iwatambue watoto wanaosomea nyumbani

Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 nchini Kenya inamtaka kila mzazi ahakikishe mwanawe anahudhuria shule. Anayekaidi anaweza kutozwa faini isiyozidi Sh100,000, kufungwa jela muda usiozidi mwaka mmoja, au kupewa adhabu zote mbili. Nia yake ni njema, maana inamkinga mtoto anayechungishwa mbuzi au kuozwa mapema wakati wenzake wako darasani. Lakini sheria hiyo haimtofautishi mzazi anayemnyima mtoto elimu na yule aliyeamua kukaa na wanawe nyumbani awasomeshe kwa kufuata mambo wanayoyapenda. Wote wawili wanaweza kusimamishwa kizimbani kwa kosa lile lile. Naamini hapo sheria imekosea, na nchi inapata hasara kila inapomlazimisha mzazi wa aina ya pili kujificha.

Elimu ya nyumbani ina sura nyingi. Wapo wanaohamishia darasa sebuleni, ratiba ikabandikwa ukutani, Hisabati saa mbili na Kiingereza saa tatu. Ninayoitetea hapa ni ile inayoogopwa zaidi: isiyo na kengele wala mtihani wa kila wiki, ambayo mtoto hutangulia na mkubwa humfuata. Mwasisi wake anayetajwa sana ni John Holt, mwalimu Mmarekani aliyefundisha shule za binafsi huko Colorado na Boston. Kitabu alichokitoa mwaka 1964 kilieleza alichokishuhudia darasani: watoto werevu wakitumia akili yao yote kukisia jibu ambalo mwalimu anataka kulisikia, badala ya kulifikiria swali lenyewe. Kwa miaka kadhaa Holt alidhani shule zinaweza kurekebishwa. Baadaye alikata tamaa, na mwaka 1977 akaanzisha jarida la wazazi walioamua kuwasomeshea watoto nyumbani.

Je, kuna ushahidi kwamba mtoto hujifunza vizuri zaidi pale jambo linapomhusu? Upo, na ulio mzito kwangu ulipatikana sokoni huko Recife, Brazil. Mwaka 1985 watafiti watatu, Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann, walichapisha utafiti kuhusu watoto watano waliokuwa wakiuza vitu barabarani. Walijifanya wateja, wakawauliza bei na chenji, na watoto wakajibu sawasawa karibu maswali yote, asilimia 98. Kisha hesabu zile zile zikaandikwa karatasini kama za shule, na majibu sahihi yakashuka hadi asilimia 37. Mmoja wao, wa miaka 12, aliulizwa bei ya madafu manne, kila moja cruzeiro 35. Akasema matatu ni 105, akaongeza 30, kisha akamalizia tano zilizobaki, akapata 140. Alipopewa 35 mara 4 karatasini alifuata kanuni ya mwalimu: nne mara tano ni ishirini, weka sifuri, shika mbili, mbili na tatu ni tano, tano mara nne ni ishirini. Akaandika 200. Tazama mtoto huyu alivyo. Hesabu anaijua. Kanuni aliyopewa ndiyo iliyomfunga, kwa sababu aliipokea bila kuiona ikifanya kazi yoyote, wala hakushtuka kwamba madafu yale yale yamepanda bei. Sisemi watoto wapelekwe kuchuuza barabarani. Nasema akili ya mtoto hufunguka anapokuwa na sababu yake ya kutaka jibu.

Utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 1973, uliwachukua watoto wa chekechea waliopenda kuchora kwa kalamu za rangi. Baadhi waliahidiwa cheti chenye utepe wakichora. Wengine hawakuahidiwa chochote. Wiki moja au mbili baadaye kalamu ziliporudishwa darasani bila ahadi yoyote, wale walioahidiwa cheti walichora kwa takriban nusu ya muda waliotumia wenzao. Walichokuwa wakikifanya kwa raha kilikuwa kimegeuka kazi ya malipo. Sasa fikiria mtoto anayekaa miaka kumi na miwili akisomea alama, nafasi ya kwanza na zawadi ya siku ya wazazi, halafu tunashangaa kwamba akishamaliza mtihani hataki tena kukiona kitabu.

Lakini kumfuata mtoto hakumaanishi kumwachilia. Hapa ndipo wengi wanaoishabikia njia hii hukosea, na wanaoipinga hupata silaha. Chukua mtoto wa miaka minane ambaye hana lingine ila mpira na timu yake, asubuhi Gor Mahia, jioni Gor Mahia. Mzazi mvivu atamwachia televisheni. Mzazi anayeijua kazi yake atamwekea gazeti la Jumatatu wazi kwenye jedwali la ligi. Pointi tatu kwa ushindi, moja kwa sare: timu ikishinda saba na kutoka sare nne ina ngapi? Tofauti ya mabao ikiwa -6 maana yake nini? Hapo mtoto amekutana na namba hasi kabla hajaambiwa kwamba ni ngumu. Mechi ikichezewa Mombasa ramani inafunuliwa, na nauli ya basi kutoka Nairobi inahesabiwa. Kesho yake anataka kuandika habari ya mechi amtumie mjomba, na anagundua mwenyewe kwamba bila nukta na mkato mjomba hataelewa nani alifunga. Kuandaa hayo yote kila siku, na kutambua hamu ya mtoto inapohama kutoka mpira hadi mifupa ya mwili, kunachosha kuliko kufuata kitabu cha kiada ukurasa kwa ukurasa.

Ndiyo maana siwezi kuupuuza utafiti wa Kanada uliochapishwa mwaka 2011, uliolinganisha watoto 37 wa shule za umma na 37 wa nyumbani, wenye umri wa miaka mitano hadi kumi. Waliosomeshwa nyumbani kwa mpangilio waliwashinda wa shule. Wale wasio na mpangilio wowote, ambao walikuwa 12 tu, walishika mkia. Idadi ni ndogo mno kutoa hukumu, na umri huo ndio ambao watoto wanaoachiwa waanze kusoma kwa wakati wao huonekana wamechelewa. Watafiti Peter Gray na Gina Riley walipowahoji watu wazima 75 waliolelewa kwa njia hii, 62 walikuwa wameendelea na masomo ya juu ya namna moja au nyingine. Lakini hao walijitolea wenyewe kujibu, na waliofeli huenda hawakuwa na hamu ya kuhojiwa. Nikiziweka tafiti hizo mbili pamoja naona jambo moja: njia hii inaweza kumfikisha mtoto mbali, na inaweza pia kumwacha nyuma, na tofauti kubwa iko kwa mkubwa aliye naye. Basi serikali inayo haki ya kumjua mkubwa huyo.

Pingamizi ninaloliheshimu zaidi linatoka kwa watetezi wa haki za watoto. Wanasema: ukiifungua milango hiyo, baba atakayetaka binti yake abaki akiosha vyombo na kulea wadogo zake atasema anamsomesha nyumbani, na mwalimu aliyekuwa wa kwanza kuona majeraha ya mtoto hatamwona tena. Hofu hiyo ina msingi. Wasichana wengi wa Afrika Mashariki waliokolewa na sheria ya elimu ya lazima, na asiyelikiri hilo hajui tulikotoka. Lakini sheria ya sasa haimsaidii binti huyo kadiri inavyodhaniwa, maana familia inayosomesha kwa kujificha haimwonyeshi mtoto kwa ofisa yeyote. Uingereza sheria inamruhusu mzazi kutimiza wajibu wake kupitia shule au kwa njia nyingine, na halmashauri isiporidhika inaweza kuamuru mtoto apelekwe shule. Hapa kwetu familia ingejisajili katika ofisi ya elimu ya kaunti, ofisa akakutana na mtoto ana kwa ana angalau mara mbili kwa mwaka, akazungumza naye faraghani, akaona kazi zake na kumsikiliza akisoma. Binti aliyefungiwa jikoni hawezi kuificha hali yake mbele ya mtu anayemuuliza amesoma nini mwezi huu.

Wengine watasema haya ni mambo ya matajiri. Ni kweli kwamba mama anayefua nguo za watu kutwa hana nafasi hiyo, na shule ya umma iliyo nzuri itabaki kuwa tegemeo la watoto wengi. Hiyo ndiyo inayostahili fedha zetu kwanza. Lakini ukosefu wa nafasi kwa mmoja hauwi sababu ya kumfunga jela mwenzake. Isitoshe, serikali yenyewe imekwisha kuukubali msingi wa hoja hii ilipoleta Mtaala wa Umilisi, unaosema mtoto aanzie kwenye uwezo na kipaji chake. Kuhusu cheti, njia si ngeni: Kenya ina watahiniwa wa kibinafsi wa KCSE, mtihani wa kumaliza sekondari, na Tanzania ina Mtihani wa Maarifa unaomfungulia aliye nje ya shule mlango wa mtihani wa kidato cha nne. Kuhusu marafiki sina mengi: mtoto mwenye binamu, majirani, madrasa au kanisa, na timu ya mtaani hakosi wa kucheza naye.

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya elimu ya msingi bila malipo na kwa lazima. Nawaomba wabunge wa Kamati ya Elimu waandike mswada wa kurekebisha Sheria ya 2013 ili haki hiyo iweze kutimizwa nyumbani pia, wakiweka usajili, ukaguzi unaomfikia mtoto mwenyewe, na mamlaka ya kumrudisha shuleni pale mzazi anaposhindwa. Na mswada ukifika hatua ya kukusanya maoni ya umma, wazazi wanaosomesha nyumbani wajitokeze waje na watoto wao, wasikilizwe.