Mwimbaji wa Badala Naye Apewe Haki Yake

Mgeni njoo, mwenyeji apone, walinena wahenga. Lakini mwenyeji akisha kupona, je, mgeni hukumbukwa?

Nayasema haya kwa ajili ya The Eternal Idol, santuri iliyotolewa mwaka 1987 na Black Sabbath, kundi la hevi metali la Birmingham, Uingereza. Nyimbo zake zilikuwa zimekwisha kurekodiwa kwa sauti ya Mmarekani Ray Gillen. Gillen akajitoa kabla santuri haijafika sokoni. Mpiga gitaa Tony Iommi, mwasisi pekee aliyebakia, akamwita Tony Martin, naye akaziimba upya.

Sisi washairi twaijua taabu hiyo ya kutia pumzi zako katika mizani iliyopimwa kwa kifua cha mwingine. Martin aliiweza. Sikilizeni wimbo wa kwanza, The Shining: sauti yapanda juu bila ya kukwaruza, na maneno yasikika.

Wengi hawakuitegea sikio. Walikuwa wakimlilia Ozzy Osbourne, aliyefukuzwa kundini tangu 1979. Martin aliimba katika santuri nne nyingine za kundi hilo, 1989 hadi 1995. Nne hizo zilipotolewa upya kwa pamoja mwaka 2024, hii ya kwanza, iliyomfungulia mlango, haikuwamo.

Kumpenda aliyetangulia si kosa. Kukataa kumsikiliza aliyefuata ndiyo dhuluma, maana yeye ndiye aliyeiokoa kazi isipotee. Basi, ndugu msomaji, ipige kwanza santuri, kisha utoe hukumu.